Springi Nzito za Kupandia Sekenke

Sikio langu la kulia liliacha kusikia tapeti za injini kabla halijaacha kusikia watu. Niligundua mwaka huu, pale gereji, nilipoinamia injini ya pikapu, nikamwambia mwenye gari kwamba imetulia, na nyie vijana mliokuwa nyuma yangu mkatazamana. Niliwaona kwenye kioo cha pembeni. Nikageuza kichwa, nikatega la kushoto. Tapeti ilikuwa inagonga kama mtu aliyefungiwa chooni.

Niliirekebisha, nikanawa mikono, na siku hiyohiyo nikajua basi. Wengine wanastaafu kwa barua, mimi nimestaafishwa na tapeti. Nina miaka arobaini na kitu, miguu bado inataka safari na mikono haina tatizo, lakini fundi wa hedi, yaani kichwa cha injini, asiyesikia hedi ni hatari kwa mali za watu. Nimewaachia vifaa vyangu. Mmeniomba na maneno. Haya ndiyo maneno. Habari za vyeo msizitarajie, kwa sababu gereji zote nilizofanya kazi zilikuwa na vyeo viwili tu: anayeshika spana, na anayeulizwa spana iko wapi.

Nilianza kwa Mzee Ntandu, upande wa Unyambwa, baada ya kumaliza kidato cha nne na matokeo ambayo nyumbani hayakusomwa kwa sauti. Gereji ilikuwa bati juu ya nguzo, haina kuta. Siku ya kwanza nilifika nimevaa shati la shule nililolitoa nembo, nikasema, "Shikamoo, nimekuja kujifunza ufundi." Mzee alikuwa amefungua hedi ya lori, ipo wazi inatazama mbingu, na upepo wetu wa Singida mnaujua. Hakuitikia shikamoo mpaka amenikabidhi turubai.

"Marahaba. Simama hapo," akasema. "Wewe leo ni ukuta."

Nilikuwa ukuta mpaka jioni. Nimeshika turubai kwa mikono miwili, upepo wa vumbi unanipiga mgongoni, na yeye anasaga valvu nyuma yangu huku anapiga mluzi. Kila nilipotaka kugeuka nione anafanya nini, mchanga uliingia, na yeye aliacha kupiga mluzi. Hivyo ndivyo nilivyojifunza jambo la kwanza la kazi hii: chembe ya mchanga inayoingia kwenye hedi iliyo wazi haina haraka. Itasubiri mpaka gari liko mbali na nyumbani.

Baadaye alinipa jina la Upepo. Nilidhani ni kwa sababu ya siku ile. Alisema hapana, ni kwa sababu sikai.

Mzee Ntandu alikuwa na vifaa ambavyo hamtavikuta dukani. Cha kwanza kilikuwa kichwa kikavu cha alizeti, kikubwa kama sinia, alichokitumia kusimamishia pushirodi, vile vifimbo vyembamba vya injini. Alikuwa anazichomoa kwenye injini moja baada ya nyingine na kuzichomeka kwenye ule mgongo laini wa alizeti kwa mpangilio uleule. Kila moja ilirudi pale ilipotoka. "Zimezoeana na majirani zao," alikuwa anasema. "Ukizichanganya zinaanza kugombana." Alizeti ikichakaa, anawapa kuku mabaki yake na kwenda shambani kuchukua nyingine. Toka hapo sijaona kifaa cha kiwandani kinachobadilishwa kwa urahisi huo.

Cha pili kilikuwa mizani ya vitunguu. Mnunuzi mmoja aliiwekea mzigo uliozidi, ikaharibika kidogo, akaitupa, Mzee akaitengeneza. Aliitumia kupimia springi za valvu. Unaiweka springi juu ya mizani, unaibana kwa kile kibanio cha jeki mpaka ifikie kimo inachokaa ndani ya injini, halafu unasoma mizani inasema nini. Springi zote za injini moja zinatakiwa ziseme kitu kimoja. Ikisema tofauti, hiyo imechoka, hata kama inang'aa. Nimewahi kumwona mteja akibisha kwamba springi yake ni mpya, Mzee akamjibu, "Mpya ni sura. Mizani haioni sura."

Cha tatu kilikuwa unga. Ukibadilisha kemu au valvu, lazima ujue valvu ikifunguka kabisa inabakiza nafasi gani kabla ya kugusana na pistoni. Mzee alikuwa anakanda donge la unga kama la chapati, anapaka mafuta juu, analibandika kwenye kichwa cha pistoni, anafunga hedi, anazungusha injini kwa mkono taratibu, kisha anafungua na kupima unene wa donge pale valvu ilipolikandamiza. Wateja walidhani tunapika. Wacha wadhani.

Na kabla hajaniruhusu kushika chochote alinifanya nieleze safari yote kwa mdomo, kama shairi la darasani. Kemu, ule mhimili wenye vinundu, inazunguka, inasukuma tapeti. Tapeti inasukuma pushirodi, kile kifimbo cha chuma. Pushirodi inanyanyua roka upande mmoja, roka inakandamiza valvu upande wa pili, valvu inafunguka. Halafu springi inairudisha valvu kitini. Ni foleni ya watu wanaosukumana. Mmoja akikataa kusogea, anayeumia si lazima awe yeye. Mara nyingi ni yule mwembamba aliyeko katikati. Ishikeni hiyo, nitairudia.

Nilipoanza kujiona najua, nikaondoka. Nilikwenda Tabora, nikakaa, nikachoka. Nikaenda Mbeya, baridi ikanichosha mapema zaidi. Nikafika Dar es Salaam, nikakaa kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Huko nilikutana na vijana wenye magari madogo wanaotaka injini iende mbio kuliko ilivyoumbwa. Wanakuja na kemu kali mkononi, wamenunua kwa mtu, wanataka ifungwe leo. Nilikuwa nawauliza swali moja: na springi? Wanasema springi zilizomo zinatosha. Hazitoshi. Kemu kali inaifungua valvu juu zaidi na kwa ghafla zaidi, springi laini haiwahi kuirudisha, valvu inabaki inaelea wakati pistoni inapanda. Zikikutana, kinachosikika kinasikika mpaka nyumba ya jirani. Na ukiweka springi ngumu bila kupima, koili zake zinagusana kabla valvu haijamaliza kufunguka, na hapo unavunja roka. Kule nilijifunza kubadilisha vitu kwa seti: springi, kofia zake, vile vikucha viwili vinavyoshika shina la valvu, pushirodi na roka. Huwezi kumpa mmoja kwenye foleni nguvu za tembo ukawaacha wenzake na nguvu za mbuzi.

Kila mara nilipochoka huko nilirudi kwa Mzee Ntandu, nikafanya kazi msimu mmoja au miwili, nikaondoka tena. Hakuwahi kuniuliza nimerudi kwa nini. Alikuwa anasema tu, "Turubai liko palepale."

Sasa niwaeleze kisa cha lori la Bi Zuhura. Mmekisikia vipande vipande na kila mtu ana chake. Mimi nilikuwepo.

Bi Zuhura ni wa familia ya wafanyabiashara wa mjini. Babu yake alikuja kutoka pwani, akaoa Mnyaturu, na hawakurudi tena. Alikuwa na mashine ya kukamua alizeti, na lori moja la dizeli, dogo lakini la zamani na imara, lililopeleka mafuta na vitunguu upande wa Igunga na Shinyanga na kurudi na mchele. Njia hiyo, kama mnavyojua, inapita Sekenke. Kwenda unateremka mlima na mzigo, kurudi unaupanda na mzigo. Dereva wake aliitwa Mkumbo, Mnyiramba wa Kinyangiri, mtu mpole, mwimbaji wa kwaya, aliyekuwa kwenye lori lile tangu bado ni tingo, msaidizi wa dereva. Hakuwa na kazi nyingine wala hakujua nyingine. Nyumbani Kinyangiri walimwita kwa jina la lori.

Msimu mmoja lori lilirudi likikohoa. Tulipofungua tukakuta springi mbili zimekatika na nyingine zimelegea. Ni ugonjwa wa Sekenke huo. Dereva anateremka na gia ndogo ili kuokoa breki, na anafanya vizuri, lakini mzigo unaisukuma injini izunguke kuliko kawaida, na springi zilizochoka hazifuati. Bi Zuhura alikuja mwenyewe gereji na kanga mbili na sauti moja ya juu.

"Fundi, nataka injini inayoweza Sekenke. Si ya kuiomba Mungu pale kila safari. Weka kinachotakiwa."

Nikaweka. Nilitafuta springi nzito zaidi za kimo kilekile, nikazipitisha zote kwenye mizani ya vitunguu mpaka zikasema kitu kimoja. Nikaweka kofia mpya, vikucha vipya, pushirodi mpya nene kidogo, roka zenye bushi mpya. Mzee alikanda unga, tukapima, nafasi ikawepo ya kutosha. Mkumbo alikwenda na kurudi, akashuka akicheka: "Fundi, limepanda na mchele wote bila kushusha mpaka gia ya kwanza." Kazi ile niliipenda. Na kwa kuwa niliipenda, nikaona hakuna kilichonibakiza, nikapanda basi la Dar es Salaam.

Msimu wa alizeti ulipofika, Mzee akanipigia simu. Salamu zake zilikuwa fupi siku zote, hizi zilikuwa fupi zaidi.

"Upepo, springi zako zinamfukuzisha mtu kazi."

Akanieleza. Pushirodi mbili zimepinda. Amebadilisha. Nyingine imepinda. Amebadilisha. Bi Zuhura anasema Mkumbo amelewa nguvu za springi mpya, anashuka Sekenke kama anakwenda kuoa. Amemwambia mbele ya wafanyakazi kwamba pushirodi ikipinda tena, aache funguo mezani na arudi kwao akalime.

"Na Mkumbo anasemaje?" nikauliza.

"Anasema anashuka na gia ya pili kama zamani. Lakini anasema polepole, ndiyo maana haaminiwi."

Nilikuja. Nilimwambia Mkumbo anichukue Ikungi, maana siku hiyo alikuwa amepeleka mafuta kwenye soko la pale. Nilishuka basi, nikasimama kando ya barabara kuu, upepo safi wa mashamba unanipiga usoni, na baada ya muda lori likaja likasimama mbele yangu, injini inanguruma. Nikasikia harufu ya maandazi. Tumbo likaamka. Nikatazama huku na huku kumtafuta mama anayekaanga, sikumwona, nikasema ngoja nitakula mjini. Nikapanda.

Mkumbo alininyooshea mkono bila ile furaha yake.

"Fundi, umekuja kunizika au kunifufua?"

"Nimekuja kusikiliza," nikamwambia. Wakati ule masikio yangu yote mawili yalikuwa yanafanya kazi, na nilikuwa najivuna nayo.

Nilisikiliza njia nzima. Injini ilikuwa tamu. Mkumbo aliendesha kama mtu aliyebeba mayai ya jirani. Tulipofika mjini, mashine zote za kukamua zilikuwa zinafanya kazi, na mnajua msimu ule mji unavyonuka: alizeti ya kukaangwa, mashudu ya moto, mafuta mabichi. Kwa siku ya kwanza unatamani chapati. Siku ya pili pua haisikii kitu. Tulilipeleka lori kwenye uwanja wa Bi Zuhura, Mkumbo akazima, akaniambia neno ambalo nilitakiwa nilishike palepale.

"Unajua fundi, haijawahi kupinda Sekenke. Inapinda nikiwasha asubuhi."

"Umemwambia Bi Zuhura?"

"Nimemwambia. Kasema imevunjwa jana, imekufa leo."

Kesho yake asubuhi ilikuwa baridi ile ya kiangazi inayouma masikio. Tulikuwa uwanjani wote: Bi Zuhura na kikombe cha chai, wapakiaji wake wamekaa juu ya magunia, Mzee Ntandu na koti lake, mimi. Mkumbo akapanda, akawasha. Injini ilishika, ikaenda kidogo, halafu ikatoa mlio mmoja mfupi, tiki, na ikaanza kuchechemea. Mkumbo akazima bila kuambiwa. Alishuka taratibu, akafunga mlango, akasimama na funguo mkononi.

Bi Zuhura akaweka kikombe chini, akanyoosha mkono.

"Lete."

"Mama, sijatoka hata getini."

"Jana ulitoka."

Nikasema, "Jana nilikuwa naye, Bi Zuhura. Ikungi mpaka hapa. Hata kuku barabarani walimpita."

Wapakiaji wakacheka. Yeye hakucheka. Akazichukua funguo, akazifunga kwenye pindo la kanga. "Basi nionyeshe aliyeivunja," akasema. "Kama si yeye ni wewe na springi zako. Mmoja wenu."

Lilikuwa neno la haki, na nililipokea. Nikafungua kava ya tapeti palepale, Mkumbo akashika turubai bila kuombwa. Pushirodi moja ilikuwa imepinda kama upinde. Kwa kawaida fundi anaitoa hiyo, anaweka nyingine, anarudishia kava. Ndivyo Mzee alivyofanya mara zilizotangulia, na alifanya mchana, injini ikiwa na joto, kila kitu kinateleza. Asubuhi hii injini ilikuwa baridi. Nikatoa roka na kuigonga valvu kichwani kwa nyundo ya mbao. Valvu iliyo nzima inashuka na kurudi kama kitufe. Hii haikushuka. Nikagonga tena. Ikashuka kidogo, na haikurudi. Springi nzito ya kupandia Sekenke, na haikuweza kuirudisha valvu.

Hapo foleni ikanieleza yenyewe. Kemu inasukuma, valvu imegoma, roka haina pa kwenda, na springi yangu nzito imeongeza mzigo juu ya huo mgomo. Aliyeumia ni mwembamba wa katikati. Pushirodi haikupindishwa na mwendo. Ilipindishwa na valvu iliyolala imeganda.

Tukanyanyua hedi. Nilipoitoa valvu kwenye bushi yake ilitoka kwa kunung'unika. Shina lake lilikuwa limevaa koti la rangi ya asali, gumu, linalonata ukilipasha kwa kidole. Nikalikwangua kwa ukucha na kulisogeza puani. Halikuwa na harufu yoyote. Nikampa Mzee, naye akanusa, akatikisa kichwa. Mjini msimu ule pua zote zilikuwa zimelala. Lakini mimi nikakumbuka Ikungi.

"Mkumbo," nikasema, "jana pale uliponichukua, nani alikuwa anakaanga maandazi?"

"Pale? Hakuna. Wanaokaanga wako ndani sokoni, mbali."

"Basi lori lako linakaanga. Dizeli unajaza wapi?"

Mkumbo akatazama viatu vyake. Wapakiaji wakaacha kutafuna. Nilimwelewa: mtu alikuwa na jibu linaloweza kumrudishia kazi, na jibu hilohilo lingemwaibisha anayempa kazi. Akachagua.

"Najaza ninapoambiwa nijaze," akasema.

Kwenye kona ya uwanja kulikuwa na pipa la bluu lenye pampu ya mkono. Sikulitazama sana. Niliona tu mdomo wa pampu ulivyonata vumbi, kama mdomo wa mtoto aliyekula sukari guru. Dizeli haifanyi hivyo.

Nilikuwa nimefungua mdomo. Mzee Ntandu akanigusa kiwiko. Alimjua Bi Zuhura tangu msichana, na alijua kwamba ukimwambia mama yule mbele ya wapakiaji wake kwamba ameua injini yake mwenyewe, utakuwa umesema kweli na Mkumbo atakuwa amefukuzwa vilevile. Akaketi juu ya tairi, akajifunga koti vizuri.

"Bi Zuhura," akasema, "karai lako la maandazi, kwa nje, pale mafuta yanapochuruzika. Ile gundi ya rangi ya asali. Unaisugua na nini?"

"Karai limeingiaje hapa, Mzee?"

"Nauliza tu. Langu limenishinda."

"Haitoki ile," akasema Bi Zuhura. "Kwa mchanga haitoki, kwa majivu haitoki. Mafuta yakishakaa motoni siku nyingi yanakuwa..." 

Mzee akamnyooshea valvu, shina mbele, kama mtu anayempa mwenzake kijiko. Akaipokea. Akapitisha kidole gumba juu ya lile koti la asali, mara moja, mara ya pili. Mikono yake ilikuwa imesugua makarai maisha yake yote, haikuhitaji fundi. Kisha akatazama pipa la bluu.

Baadaye tulijua mambo yalivyokuwa. Chini ya matangi ya mashine hubaki mafuta mazito yenye mashapo, hayauziki. Mtu mmoja alimwambia kwamba nchi za watu magari yanakwenda kwa alizeti. Bi Zuhura alifurahi. Haikuwa ubahili, msimfikirie hivyo. Alijivunia zao letu, akaona kwa nini lori la alizeti linywe kitu kingine. Akawa anachanganya na dizeli pipani. Injini ikiwa ya moto inayachoma na inanguruma vizuri. Yale yasiyoungua yanapanda kwenye mashina ya valvu, usiku wa baridi yanaganda, asubuhi mtu anawasha. Ni kosa ambalo kwingine wasingeweza kulifanya hata wakitaka, kwa sababu hawana mafuta ya kutupa. Na sisi tu ndio tungeshindwa kulinusa.

Lakini pale uwanjani hakueleza lolote. Aliweka valvu juu ya gunia, akafungua pindo la kanga kwa meno, akatoa funguo. Akamwendea Mkumbo. Nilidhani atamwomba radhi. Hakuomba.

"Wakimaliza hawa," akamwambia, "utapakia vitunguu uende Igunga. Na Sekenke ushuke unavyojua wewe."

"Sawa, Mama."

"Dizeli utajaza sheli."

"Sawa, Mama."

Akageuka kwa wapakiaji waliokuwa wanatazama. "Na nyie mnangoja maandazi?"

Tulisafisha valvu zote na kusaga viti vyake, tukamwaga oili iliyokuwa nzito kama uji wa mgonjwa, tukaosha tangi, tukarudisha springi zilezile nzito. Pipa la bluu lilikwenda kwa mtu anayetengeneza sabuni. Pushirodi haikupinda tena. Mzee Ntandu aliichukua ile iliyopinda, akaichomeka kwenye kichwa cha alizeti, katikati, ikakaa pale mpaka kuku walipofikiwa na zamu yao. Alikuwa anaitumia kuwafundishia wanafunzi wapya: "Huyu hakukosa kitu. Alisimama tu katikati."

Mzee ametutoka sasa, mizani yake ndiyo ile mnayoitumia. Msiipake rangi. Kabla hamjampa mteja springi nzito anazozitaka, muulizeni kwanza injini inakula nini. Na kabla hamjamlaumu dereva, muulizeni inaharibika saa ngapi. Mkumbo alilisema jibu zima siku ya kwanza, ila alilisema polepole.

Wiki iliyopita niliondoka Singida tena, safari hii bila boksi la spana. Sikupanda basi. Nilimwomba Mkumbo lifti mpaka Igunga, kwa sababu bado yuko kwenye usukani uleule, mvi zimemwingia, na lori bado ni la Bi Zuhura, anayemtuma mjukuu wake kumnunulia dereva chai ya njiani. Tulifika kichwani mwa Sekenke mchana, vitunguu vimejaa nyuma. Akashika gia ya pili, akaachia. Kwenye kabini ile abiria anakaa kushoto na injini iko kulia kwake, yaani upande wa sikio langu lililokufa. Nikaona midomo ya Mkumbo inaimba kitu cha kwaya.

"Tapeti zinasemaje?" nikamuuliza kwa sauti.

"Zimenyamaza, fundi," akapaza sauti. "Kwani husikii?"

Nikashusha kioo, nikatoa pua nje, nikavuta hewa ya mlima. Dizeli tupu.